JANI LA KAHAWA LIKO NA WALINZI WAKE

(Somo la biolojia kwa madarasa yote, na zaidi kwa wale ambao wazazi wao wanalima kahawa)



Katika shule yetu kuko wengi ambao minervali yao inatoka katika kahawa. Mwezi ambao mama anauza kahawa ndio mwezi ambao mtoto ananunua daftari na kulipa deni la shule. Kahawa ikikosa, wote tunajua mambo yanayofuata. Basi ugonjwa wa kahawa si habari ya wazee wa kijiji peke yao. Sisi tunaosoma biolojia na shimia tunapashwa kuuelewa, kusudi tukirudi nyumbani wakati wa likizo tusikae kimya wakati baba anauliza: «Ninyi mnaosoma, mnasema nini juu ya majani haya yanayoanguka?»

Neno ambalo somo hili linataka kufundisha ni hili: jani la kahawa si mahali patupu. Juu yake kuko bakteria wengi, na wengine kati yao ni walinzi. Wanaweza kuzuia kuvu isiingie katika jani, lakini kwa mashariti mawili. La kwanza, wawe wamefika mbele ya kuvu. La pili, sisi wenyewe tusiwaue pasipo kujua.

1. TUTOFAUTISHE MAGONJWA

Mtu asiyetofautisha magonjwa anapoteza dawa na feza. Kuvu ni jamaa ya uyoga, lakini nyingine ni ndogo hata haionekani kwa macho. Kahawa iko na magonjwa mengi ya kuvu. Tutaje matatu.

a) Kutu ya majani. Kwa Kifaransa inaitwa rouille. Geuza jani la kahawa, utazame upande wa chini. Ukiona unga wa rangi ya machungwa unaobaki kwa kidole, ni yenyewe. Jani lenye madoa mengi linaanguka. Mti usio na majani hauwezi kutengeneza sukari, matawi yanakauka kuanzia ncha, na mavuno ya mwaka unaofuata yanapunguka. Ugonjwa huu unapiga sana kahawa ya arabika, ile ya milimani. Robusta kwa kawaida inaukataa.

b) Ugonjwa wa matunda. Tunda lingali bichi, linapata doa jeusi lililobonyea ndani, kisha linaanguka ao linakauka mtini. Kuvu yake inaitwa Colletotrichum kahawae. Inapenda baridi na mvua, kwa hiyo inaonekana zaidi mahali pa juu.

c) Trakeomikose. Hii inapiga sana robusta. Kuvu yake inaziba mishipa ya maji ndani ya mti, na mti wote unanyauka na kufa. Ilionekana mara ya kwanza katika mwaka 1927 katika inchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika Kongo iliharibu mashamba zamani, ikapungua, halafu ikarudi kwa nguvu katika miaka ya 1980 pande za Isiro. Katika mwaka 1993 ilihakikishwa Uganda. Huu si ugonjwa wa jani. Dawa yoyote inayopigwa juu ya majani haiufikii. Mti wenye trakeomikose unang'olewa na kuchomwa palepale, na panga iliyoukata inasafishwa kwa moto mbele ya kukata mti mwingine.

Somo letu linahusu zaidi ugonjwa wa kwanza, kutu, na kidogo ule wa pili.

2. KUTU INAINGIA NAMNA GANI?

Jina la kutu kwa Kilatini ni Hemileia vastatrix. Neno la kwanza linasema «nusu laini», kwa sababu mbegu yake ikitazamwa kwa mikroskopi, upande mmoja ni laini na upande mwingine uko na miiba midogo. Neno la pili linasema «mharibifu». Waingereza wawili, Berkeley na Broome, waliipa jina hilo katika mwaka 1869, kisha kupokea majani yenye ugonjwa kutoka kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Wakati ule Ceylon ilikuwa inchi kubwa ya kahawa. Miaka makumi mbili hivi ikapita, na mashamba mengi ya kahawa yalikuwa yamekwisha. Watu wakapanda chai. Kutu ilivuka bahari, ikafika Brazil katika mwaka 1970, na tangu mwaka 2012 ilifanya hasara kubwa katika inchi za Amerika ya Kati. Jina «mharibifu» halikutolewa bure.

Sasa tufuate mbegu moja ya kutu. Upepo ao tone la mvua linaipeleka mpaka chini ya jani. Pale haiwezi kuota pasipo maji. Inataka jani libaki limelowa saa nyingi, mara mingi usiku kucha, na joto la kiasi, karibu digri 22. Ndipo inatoa uzi mdogo unaotambaa juu ya jani na kutafuta kitundu cha kupumulia. Tunajua kwamba jani la kahawa liko na vitundu hivyo upande wa chini tu. Uzi ukikipata, unaingia ndani.

Kisha kuingia, hakuna dalili ya wazi kwa majuma matatu mpaka sita. Mkulima anapita kila siku, anaona shamba zuri. Siku anapoona unga wa machungwa, adui amekwisha kukaa ndani ya nyumba muda mrefu na kuzaa maelfu ya mbegu mpya.

Tushike jambo hili vizuri, maana somo lote linasimama juu yake. Kuko saa chache ambazo kutu inakuwa inje, juu ya jani, ingali zaifu, haijapata mlango. Bakteria wanaokaa juu ya jani wanaweza kuishinda zaidi katika saa zile.

3. JANI SI MAHALI PATUPU

Tukitazama jani kwa macho, tunaona rangi ya kijani tu, linang'aa sawa vile limeoshwa. Lakini wanasayansi waliochunguza majani ya miti mingi wamehesabu mara kwa mara bakteria milioni moja na zaidi katika sentimita moja ya mraba. Bibi mmoja Mholanzi, Jacoba Ruinen, aliyechunguza majani ya Indonesia, aliandika katika mwaka 1956 kwamba uso wa jani ni makao ya viumbe, sawa vile udongo unaozunguka mizizi ni makao ya viumbe.

Wanakula nini? Jani linatoa sukari kidogo na chumvi kidogo kupitia ngozi yake. Vumbi, chavuo ya maua na uchafu wa wadudu vinaongeza chakula. Ni chakula kidogo sana, na wakaaji ni wengi. Kwa hiyo juu ya jani kuko mashindano ya kila siku. Anayefika wa kwanza anachukua nafasi, na anayefika nyuma anakuta meza tupu.

Wengi wa wakaaji hawa hawafanyi mema wala mabaya kwa mti. Wengine wachache wanaleta ugonjwa. Na wengine wanazuia ugonjwa. Katika hao wanaozuia, majina mawili yanarudi kila mara: Bacillus na Pseudomonas.

Bacillus ni kijiti kidogo. Ukipanga elfu moja katika mstari, urefu wao ni milimita mbili ao tatu tu. Sifa yake kubwa ni hii: maisha yakiwa magumu, anajifunga ndani ya ganda gumu linaloitwa spora. Ndani ya spora anavumilia ukame, joto, hata maji yanayochemka kwa muda fulani. Mvua ikirudi na chakula kikionekana, anafunguka na kuanza kazi tena. Kwa mahali pagumu kama jani, penye jua kali mchana na baridi usiku, sifa hiyo ni ya lazima.

4. KAZI INNE ZA BAKTERIA WALINZI

Ya kwanza: kuchukua nafasi na chakula. Mbegu nyingi za kuvu zinataka sukari ya juu ya jani ili ziwe na nguvu ya kuota na kutambaa. Bakteria wakiwa wamekwisha kuila, mbegu zile zinakosa nguvu. Lakini tuseme kweli: kutu inabeba akiba yake mwenyewe ndani ya mbegu, kwa hiyo njaa peke yake haitoshi kuizuia. Njia hii inafaa zaidi kwa kuvu ya matunda.

Ya pili: kutoa antibiotiki. Sawa vile dawa ya munganga inaua mikrobe katika damu, Bacillus subtilis anatoa vitu vinavyotoboa ngozi ya kuvu. Majina yao ni iturini na fenjisini. Uzi wa kutu ukigusa vitu hivi, unavimba, unapasuka, ao unaacha kukua.

Ya tatu: kula ukuta wa kuvu. Ukuta wa kuvu nyingi umejengwa kwa kitini, kitu kilekile kinachofanya gamba la panzi kuwa gumu. Bakteria wengine wako na enzimu inayokata kitini vipandevipande. Jani la kahawa halina kitini, kwa hiyo haliumii.

Ya ine: kuamsha jani. Hii ni ya kushangaza. Jani linatambua kwamba kuna bakteria juu yake, na linaanza kutayarisha ulinzi wake lenyewe, linatengeneza protini za kupigana mbele adui hajafika. Huko Brazil, katika miaka ya 1980 na 1990, watafiti walitumia Bacillus thuringiensis, yule anayejulikana kwa kuua viwavi, wakaona kwamba kahawa iliyotangulia kupata bakteria yule ilipata kutu kidogo kuliko ile isiyopata. Hakuiua kutu yeye mwenyewe. Aliamsha mti.

Tuangalie vizuri: kazi hizi zote inne zinataka bakteria atangulie. Hakuna hata moja inayoweza kufukuza kuvu iliyokwisha kukaa ndani ya jani.

5. MAMBO YALIYOONEKANA KENYA NA BRAZIL

Mfano wa Kenya unatufundisha juu ya shariti la pili, yaani tusiwaue walinzi wetu. Ugonjwa wa matunda ulionekana mara ya kwanza magharibi ya Kenya katika mwaka 1922. Ili kupigana nao, wakulima walipiga dawa za shaba. Shaba ni dawa ya zamani: Wafaransa wa Bordeaux walichanganya chumvi ya shaba na chokaa juu ya mizabibu yao, na katika mwaka 1885 habari yake ikatangazwa. Shaba inaua kuvu kweli. Lakini katika miaka ya 1960 wataalamu wa Kenya waliona jambo lisilotazamiwa: pahali pengine dawa iliyopigwa wakati usiofaa ilifuatwa na ugonjwa mwingi kuliko katika miti isiyopigwa kitu.

Namna gani dawa inaongeza ugonjwa? Sababu moja waliyoeleza ni kwamba shaba iliua pia viumbe vidogo vya kawaida vilivyokaa juu ya gome na matunda. Mvua ilipoosha shaba, uwanja ulibaki bila mtu. Kuvu mbaya ikapata nafasi bure, pasipo mshindani. Sababu nyingine ni kwamba shaba ilifanya mti kushika majani mengi, na ndani ya mti kukawa na unyevu mwingi. Sababu zote mbili zinatuonyesha jambo moja: dawa inagusa mambo mengi kuliko ugonjwa ule tunaoutafuta.

Mfano wa Brazil ni wa matumaini. Watafiti walikusanya bakteria na kuvu kutoka majani, takataka ya majani na udongo wa mashamba ya kahawa yasiyotumia dawa za kiwanda. Wakawapima mmoja mmoja mbele ya kutu. Wengi hawakufaa kitu. Wachache walifaa. Katika mwaka 2009 walitangaza matokeo ya mashamba yenyewe: Bacillus mmoja, waliyempa alama B157, alipunguza kutu karibu sawasawa na dawa ya shaba.

Tuone mambo mawili hapa. Moja, bakteria yule alitoka katika mashamba ya kahawa yenyewe. Hakuletwa kutoka mbali. Mbili, alichaguliwa kati ya wengi sana. Kusema kwamba «bakteria wanasaidia» haitoshi. Lazima kusema bakteria gani, ugonjwa gani, na wakati gani.

6. MIPAKA YA WALINZI HAWA

Mwanafunzi wa sayansi hapashwi kusifu kitu kupita kiasi. Tupange mipaka wazi.

– Bakteria hawaponyeshi jani lililokwisha kuingiwa. Jani lenye unga wa machungwa limekwisha kupotea kwao.

– Jua la mchana linawaua, na mvua kubwa inawaosha. Anayewapiga saa sita ya mchana anapoteza kazi yake.

– Mti unatoa majani mapya kila mara. Jani lililozaliwa kisha dawa halikupata walinzi wale. Kwa hiyo kazi inarudiwa.

– Bakteria aliyefanya vizuri Minas Gerais anaweza kufanya zaifu mahali pengine, maana mvua, joto na wakaaji wengine wa jani si sawasawa. Lazima kumpima pahali pale atakapotumiwa.

– Mti wenye njaa ao wenye kubeba matunda kupita nguvu zake unashikwa na kutu upesi, hata ukiwa na walinzi.

7. TUSIPIKE DAWA TUSIYOIJUA

Mwenye kusoma somo hili mpaka hapa anaweza kusema: «Basi tukusanye majani yaliyooza, tuyaweke katika pipa pamoja na sukari, bakteria wazae, tupige shamba.» Hapana, ndugu. Tusifanye hivyo.

Sababu ni hii. Katika mwaka 2006 watafiti wa Brazil waliandika juu ya bakteria wanaokaa ndani ya majani na matawi ya kahawa. Kati ya wale waliozuia kutu vizuri katika labo kulikuwa Bacillus cereus. Sasa Bacillus cereus ni nani? Ni yuleyule anayeleta kutapika na kuharisha kwa watu waliokula wali uliolala inje ya baridi. Yaani bakteria mmoja anaweza kuwa rafiki wa jani na adui wa tumbo. Ndani ya pipa hakuna anayejua nani amezaa. Kisha mama na wadogo zetu wanaenda kuvuna kwa mikono katika miti ile, na wanakula mihogo ya kuchoma palepale shambani.

Vilevile, tusinunue chupa isiyo na jina la bakteria, tarehe na kipimo, hata kama muuzaji anaongea vizuri. Spora zinakaa muda mrefu, lakini chupa iliyokaa juani sokoni inaweza kuwa maji matupu. Bakteria wa kupiga shamba wanatoka mahali wanapochunguzwa, na anayepashwa kuulizwa kwanza ni bwana agronomi. Katika inchi yetu kuko INERA, na kituo chake cha Mulungu, karibu na Bukavu, kinajulikana tangu zamani kwa masomo ya kahawa ya arabika.

8. SHAMBANI TUFANYE NINI?

Mambo haya mtu anaweza kuyaeleza kwa wazazi wake bila kutumia neno la Kilatini hata moja.

Kwanza, kukata matawi yasiyofaa. Mti uliofunguka unakauka upesi kisha umande wa asubuhi, na kutu inakosa zile saa nyingi za maji. Kazi hii haitaki feza, inataka mkasi na nguvu.

Pili, kivuli cha kiasi. Miti michache ya grevilea ao migomba inazuia kahawa kubeba matunda kupita nguvu zake. Lakini kivuli kizito kama msitu kinaleta unyevu mwingi.

Tatu, kulisha udongo kwa samadi na kuufunika kwa majani makavu. Mti ulioshiba unarudisha majani upesi.

Ine, kuhesabu. Hii ndiyo kazi inayofaa sisi wanafunzi. Chagua miti 10 pahali mbalimbali pa shamba. Katika kila mti tazama majani 10, upande wa chini, mengine juu, mengine katikati, mengine chini. Umetazama majani 100. Majani 4 yakiwa na kutu, ugonjwa uko 4 kwa 100. Rudia kila mwezi na kuandika katika daftari. Wengi huko Brazil wanachukua 5 kwa 100 kama mpaka: dawa ya kukinga inafaa mbele ya kufika pale, si kisha 40. Baba akiona hesabu hii, hatapiga dawa kwa woga wala hatachelewa kwa uvivu.

Tano, kutumia shaba kwa akili. Somo hili halisemi kutupa pompa. Shaba nayo ni mlinzi wa inje, na inasaidia ikipigwa mapema, kwa kipimo, upande wa chini wa majani. Lakini kuipiga ovyo kila mara kunajaza shaba katika udongo, ambamo haitoki tena, na kunafukuza wakaaji wazuri wa jani.

Sita, ikiwa agronomi ameleta bakteria waliochunguzwa: wapigwe jioni, upande wa chini wa jani, kuanzia mwanzo wa mvua, na wasichanganywe katika pompa moja na shaba. Katika pande za Bukavu kiangazi kinaisha mwezi wa nane, mvua zinarudi mwezi wa kenda. Tukumbuke kwamba kutu inapita kiangazi ndani ya majani ya zamani yaliyobaki mtini. Inatoka humo na kuingia katika majani mapya. Walinzi wawe mahali pao wakati ule.

Saba, mbegu ya kahawa yenyewe. Katika kisiwa cha Timor, karibu mwaka 1927, ulionekana mti uliozaliwa kati ya arabika na robusta, usioshikwa na kutu. Kutoka kwake zilipatikana aina zinazoitwa Katimori. Kenya nayo ilitoa aina yake Ruiru 11 katika mwaka 1985, inayovumilia kutu na ugonjwa wa matunda. Anayepanda shamba jipya aulize juu ya aina hizi mbele ya kupanda, maana mti wa kahawa unakaa miaka mingi.

9. KAZI YA LABO

Tunataka kuona wakaaji wa jani kwa macho yetu. Vyombo: kiazi kimoja cha kizungu, chupa tatu zenye kifuniko, kisu, alkoli kidogo, jani moja la kahawa.

Chemsha kiazi na chupa muda wa dakika 30. Pitisha kisu katika moto, kata vipande vitatu vya kiazi, weka kimoja katika kila chupa. Katika chupa A, gandamiza nusu ya jani juu ya kiazi kwa dakika moja, kisha ondoa. Katika chupa B, fanya vilevile na nusu nyingine, lakini kwanza uipanguse kwa pamba yenye alkoli na kungoja ikauke. Katika chupa C, usiguse kiazi hata kidogo. Funika zote, weka pahali pa joto kwa siku tatu.

Kisha hesabu alama za mviringo zinazoonekana juu ya kila kipande, pasipo kufungua chupa. Chupa A inaonyesha wakaaji wa jani. Chupa B inaonyesha namna jani linavyopoteza watu wake kwa mara moja tu. Chupa C ni shahidi: ikiota kitu, tunajua kwamba kitu kile hakikutoka katika jani. Pengine ni spora ya Bacillus iliyovumilia maji ya moto. Kazi ikiisha, chemsha chupa zote zingali zimefungwa kidogo, kisha tupa vipande katika shimo na kunawa mikono kwa sabuni.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kutu haiwezi kuingia katika jani kavu?
2. Taja kazi inne za bakteria walinzi. Ni ipi isiyogusa kuvu yenyewe, bali inagusa jani?
3. Mkulima anaona majani 60 kwa 100 yenye unga wa machungwa, anataka kupiga bakteria. Utamwambia nini?
4. Eleza namna dawa inayoua kuvu inaweza kuzidisha ugonjwa.
5. Mti wa robusta umenyauka wote. Kwa nini bakteria wa majani hawataufaa, na mwenye shamba anapashwa kufanya nini?
6. Katika majani 100 ya shamba la kwenu, majani mangapi yako na kutu? (Jibu litaletwa kisha likizo.)

Swali la sita halina jibu katika karatasi hii. Kila mmoja aende nalo nyumbani, pamoja na daftari na kalamu. Majibu yakipatikana kutoka vijiji vyetu mbalimbali, tutayapanga ukutani mwa labo, kila kijiji na urefu wa mlima wake, na walimu watatusaidia kuyasoma.

Kapita wa wanafunzi,
darasa la sita, seksio ya Bio-Shimia